Chupa Tatu za Mzee Andongwisye

Mwizi aliiba chupa akaacha dawa.

Inspekta Gwantwa alilichungulia boksi mara mbili kabla ya kukubali. Lilikuwa boksi la Velostan, dawa ya presha itokayo Ulaya, ghali kuliko zote katika duka la dawa la Clement pale Tunduma. Ndani hapakuwa na chupa. Palikuwa na bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha vidonge thelathini vyenye pembe nane, vimetimia. Maboksi mawili ya nyuma yake yalikuwa vivyo hivyo. Clement aligundua asubuhi hiyo, mteja kutoka Zambia alipoiulizia dawa hiyo.

"Nimekamata wezi wajinga wengi," Gwantwa alisema. "Huyu anastahili cheti."

Kufuli lilikuwa zima. Funguo walikuwa nazo watu wawili: Clement mwenyewe na Imelda, mfagiaji wake, ambaye siku hiyo alikuwa mapumzikoni.

"Nani hununua Velostan?"

"Mmoja tu, afande. Mzee Andongwisye wa mtaa wa Sogea, baba mkwe wa huyo huyo Imelda. Aliacha mwezi wa pili."

Clement akaeleza kwamba zahanati hutoa kidonge chenye kiini kile kile na kipimo kile kile, kwa bei ya vocha ya simu. Mzee hukiita dawa ya mbuzi.

Gwantwa aliandika nambari ya toleo iliyokuwa kwenye maboksi, akawasha gari.

Mzee Andongwisye alimpokea sebuleni amevaa koti la suti. Alikuwa mkulima wa kahawa kule Ibaba. Sasa aliishi kwa mwanawe, dereva wa lori aliyekuwa safarini Kongo. Katika kabati la vioo, mahali ambapo watu wengine hupanga vikombe vya harusi, zilisimama chupa tupu za Velostan, lebo zikiwatazama wageni. Gwantwa alihesabu kumi na moja.

Mzee hakungoja kuulizwa. Alikuwa amefanya utafiti juu ya mwili wake, alisema. Mwezi wa pili mwanawe aliishiwa pesa, akamletea vidonge vya zahanati. Siku mbili tu kichwa kikazunguka, miguu ikamvimba. Akavitupa chooni. Alitoa kadi ya kliniki. Februari: mia na themanini kwa mia na kumi. Kisha Velostan ikarudi mezani, na tangu Machi presha ilikuwa mia na thelathini kwa themanini.

"Namba hazidanganyi, mwanangu. Mwili wangu haukuumbwa kwa vitu vya bure."

Gwantwa aliwakumbuka akina mama wanaopanga foleni zahanati tangu alfajiri, wakingojea vidonge ambavyo mtu huyu alivitupa chooni. Akamdharau kutoka moyoni, wala hakujilaumu.

Aliomba chupa inayotumika. Nambari ya toleo ilikuwa ile ile. Akamimina vidonge kiganjani: vidogo, vya mviringo, vyenye mstari katikati.

"Mzee, umewahi kukitazama kidonge chenyewe?"

"Nikitazame cha nini? Mimi nasoma chupa."

Gwantwa akamwita Imelda kutoka jikoni. Mwanamke yule alisimama mlangoni, uso ameugeuzia ukuta. Kwa desturi ya kwao, ambayo mzee aliishikilia kwa mikono miwili, mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Kwa miaka sita Imelda alikuwa akiweka chakula mezani na kuondoka.

"Alama za vidole kwenye zile bahasha ni za nani?"

"Zangu, afande."

"Vidonge vya gharama yote ile ukaviacha?"

"Vya zahanati ninavyo. Nilikosa chupa."

"Si ungejaza moja kila mwezi?"

Imelda alionyesha kabati kwa kidevu. "Anazihesabu."

Mengine aliyasema bila kubanwa. Februari, chupa ilipokwisha, mzee alikataa kumeza chochote. Akaanguka bafuni. Muuguzi akasema mara ya pili itakuwa kiharusi. Mume yuko mbali.

"Mimi siruhusiwi kubishana naye," alisema. "Chupa inaruhusiwa."

Mzee alisimama. "Umenitia aibu mbele ya serikali."

Imelda aliuondoa uso ukutani, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Aibu haiui, baba. Presha inaua."

Gwantwa alimsomea Imelda kosa: wizi wa mtumishi. Akachukua chupa mbili kabatini zenye nambari ile. Ya tatu, ile inayotumika, aliimimina, kwa sababu chupa ni kielelezo na vidonge si mali ya Clement. Vikabaki juu ya kitambaa cha meza, uchi, bila jina lolote.

Alimwambia Imelda waondoke. Imelda hakusogea. Saa ya dawa ya mzee ilikuwa imefika, na macho ya mkamwana yalikuwa mezani.

Gwantwa naye akajikuta anangoja.

Mzee alivitazama vidonge kana kwamba vimemtukana. Aliketi. Akasimama tena. Mwishowe akachukua kimoja kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota kunguni, akakimeza bila maji.

"Ladha ya chokaa," alisema kwa kinyaa.

Imelda alijifunga kitenge vizuri, akatangulia kwenda kwenye gari.