Londoni Hadi Roma

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemwona Gaspar?"

Audax alikuwa bado ameshika kofia mkononi. Alishuka melini juzi, baada ya miaka mitatu ya masomo Londoni, na hilo ndilo swali lililompokea Kipawa, ukweni, hata kiti hajapewa.

"Hapana, mama. Gaspar yuko Roma. Mie nilikuwa Londoni."

"Si kote ni Ulaya?"

Kokuberwa, mchumba wake, aliendelea kupepeta mchele. Alikuwa amechoka uchovu ule usiotibiwa na usingizi. Kila jioni alilisikia neno hilohilo: baba hayupo, kaka Gaspar ndiye baba, kaka anasomea upadri Roma, na huyu anayetaka kuoa yuko Ulaya hiyohiyo, hajapita hata kumpa shemeji mkono. Mama alikwisha apa: asiyemsalimia Gaspar hapati mke hapa.

"Ni mbali, mama." Audax alichuchumaa, akachora mchangani kwa heshima zote za elimu ya juu. "Londoni hii hapa. Roma ile kule, maili kama mia tisa. Katikati pana bahari, na milima yenye barafu."

"Ndege hakuna?"

"Ipo."

"Inachukua muda gani?"

Hapo msomi wetu alijichimbia kaburi, tena kwa usahihi mkubwa. "Mwendo wa saa nne hivi."

Mama alimtazama kwa huruma.

"Mie nikienda Chanika kumsalimia shemeji yangu Revelian, natembea hizo saa nne. Na mkungu wa ndizi kichwani. Wewe ungebebwa, tena umekaa."

Audax aliifuta ramani kwa kiatu.

Kokuberwa akaweka ungo chini. "Audax, kwa nini hukwenda?"

"Nauli ilikuwa..."

"Audax."

"Gaspar alikuwa kiranja wangu bwenini. Alinikuta ukutani naruka mara nyingi kuliko alivyonikuta kanisani. Angekataa. Maadamu sikumuuliza, bado ulikuwa wangu."

"Kwa hiyo mie nangoja hapa, wewe umejificha kule."

"Ndiyo."

Hakulia, kulia nako kunataka nguvu. "Mama, sina miaka mingine mitatu. Baba mdogo Revelian akikubali?"

"Sina neno. Akikataa, imekwisha."

"Basi kesho twende Chanika. Kwa miguu."

"Na akikataa?" Audax aliuliza.

"Utakuwa umekataliwa ukiwa umesimama mbele ya watu."

Walifika jua la utosi, Audax kashika viatu mkononi. Mzee Revelian aliacha jembe, akasikiliza habari yote ya Londoni na Roma, kisha akayatazama malengelenge miguuni mwa Audax.

"Gaspar angekukataa."

"Najua, baba."

"Hata mie ningekukataa. Lakini kumrudisha mtu leoleo na miguu hii, siwezi. Ingieni ndani, mle. Akishakula kwangu, ni mkwe wangu."

Ndoa ilitangazwa kanisani Jumapili iliyofuata. Lakini mchana ule, ugali haujaiva, Kokuberwa alikwisha sinzia begani kwa Audax, mbele ya baba yake mdogo, bila haya hata kidogo, na hakuna aliyethubutu kumwamsha.