Jeni, Si Jini

Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu ya domo lake. Kila asubuhi aliosha vyombo, kisha akampasha bibi yake habari za mtaa kwa kupiga kelele, maana bibi hakusikia vizuri. Hata hospitali walikwenda pamoja.

Bibi alikuwa ametolewa uvimbe wa saratani kwenye titi. Daktari alisema harakaharaka, "Tumepeleka kipande maabara. Tunataka kujua jeni zilizomo zina nguvu kiasi gani, ndipo tuchague dawa."

Walipotoka nje, Chiriku alipaza sauti. "Bibi, wanataka kujua jini lililomo lina nguvu kiasi gani!"

"Jini?" Bibi alisimama ghafla. "Basi sirudi! Jini na sindano wapi na wapi?"

Siku ya majibu bibi alijifunika shuka gubigubi. Chiriku aliogopa sana. Saratani ikirudi, nani tena angemtania na kumwita "mke mwenzangu"? Lakini pia kulikuwa na swali lililomkereketa: jini linapimwaje maabara? Akatoka mbio kwenda kuuliza.

Mpimaji wa maabara alicheka hadi akavua miwani. "Jeni, mwanangu, si jini! Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya chembe hai za mwili. Nyingine zimelala, nyingine zinafanya kazi. Tunapima zipi zimechangamka kwenye uvimbe, halafu tunalinganisha na wagonjwa wengi waliotangulia. Hapo tunaona kama saratani ya aina hiyo huelekea kurudi au hutulia."

"Kumbe mnajua bibi ataishi mpaka lini?"

"Thubutu! Hayo hatuyajui. Tunakadiria hatari tu, kama mtu anayeona mawingu akabeba mwavuli."

Chiriku alirudi, akaketi kando ya kitanda na kueleza polepole. Bibi alifunua uso. "Ala! Kumbe nimejificha bure? Nipe viatu vyangu."

Daktari aliwaambia kwamba jeni za hatari hazikuwa zimechangamka sana. Vidonge vingetosha, ila bibi asiache kuja kupimwa. Safari hii Chiriku aliuliza maana ya kila neno, mpaka daktari akajifuta jasho.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, bibi alimshika mkono.

"Mke mwenzangu, herufi moja tu nusura initie kaburini! Neno usilolielewa usimpelekee mtu. Liulize palepale, hata kama daktari ana haraka. Kuuliza si ujinga."