Nilimwaga Maji Kwenye Ubao wa Boti

Nina miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wawili, naishi Kitengela. Ninaandika kwa sababu nimechoka kuonewa huruma na watu wasiojua nilichofanya.

Mume wangu, Baba Kevo, ni seremala. Mwaka jana alinunua boti kuukuu ya faiba, akaileta kwa lori hadi uani kwetu. Majirani walicheka... boti ya nini mahali ambapo hata maji tunanunua? Yeye alitaka kuitengeneza, akabebe wageni kwenye Ziwa Naivasha.

Alipopasua sakafu ya boti alikuta mbao zilizofichwa ndani ya faiba zimeoza kwa maji. Ndipo akamwita Silantoi, mwanamke wa Isinya anayetengeneza matangi ya faiba.

Silantoi aligonga boti kwa nyundo ndogo, akasikiliza, akasema, "Hapa bado iko na maji." Mume wangu akajibu, "Sawa, fundi." Mimi nimempikia miaka kumi na tano. Akiingia nyumbani ni "chakula iko?" basi. Lakini huko uani aliongea na Silantoi mpaka chai ikapoa.

Silantoi akinisalimia kwa Kimaasai, "Supa, Mama Kevo," nilijifanya sijasikia. Nilinusa mashati ya mume wangu nikitafuta marashi, nikapata harufu ya gundi tu. Je, nilitulia? Wapi...

Siku moja waliweka ubao mpya wa nyuma, ule unaobeba injini. Nilimsikia Silantoi akisema, "Hii isiguswe na maji kabla hatujaifunga na faiba. Faiba haishiki mbao imelowa." Kisha wakapanda pikipiki moja kwenda Kajiado kutafuta vifaa. Nikawaona wakiondoka wamebanana.

Nilikuwa nafua. Nikabeba beseni la maji ya sabuni, nikainua turubai lililofunika boti, nikamwaga yote kwenye mwanya wa ule ubao. Nikafunika tena vizuri. Nilitaka kazi iharibike, yeye alaumiwe, afukuzwe.

Baada ya siku mbili za jua, Silantoi aligusa ubao kwa juu, akasema umekauka. Wakaufunga. Nami nikanyamaza.

Waliijaribu kwenye bwawa la mfugaji mmoja upande wa Kajiado. Nilikuwa nimesimama ukingoni. Injini ilipoongezwa kasi, ubao wa nyuma ulibanduka, maji yakaingia, boti ikaanza kuzama. Silantoi aliruka kuizima injini, panga lake likamkata vidole viwili. Mume wangu hajui kuogelea... Ni Silantoi, akivuja damu, aliyemshikilia hadi wachungaji wa ng'ombe walipotupa kamba.

Hospitalini alinishika kwa mkono uliobaki mzima. "Nisamehe, Mama Kevo. Ni mimi nilisema imekauka. Karibu niue mzee wako."

Wasomaji wenzangu, mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia nimemsamehe.

Nilibeba neno hilo wiki tatu, nikashindwa. Nikamweleza mume wangu yote. Hakunipiga, hakufoka. Aliuliza tu, "Ulituona tukifanya nini?" Sikuwahi kuona kitu. Akaenda kumwambia Silantoi ukweli. Siku hizi mume wangu analala kwenye karakana yake ya useremala, na majirani wananionea huruma.

Dada zangu, wivu ukikushika, muulize mumeo. Uliza ukilia, uliza ukiwa na hasira, lakini uliza, hata jibu likuume. Mimi sikuuliza hata mara moja... na mwanamke ambaye hakunikosea chochote amebaki na vidole vinane.