Anayekunywa Maji ya Matumbawe

Jua lilikuwa limeanza kushuka Fundi alipoingia dukani kwa Bwana Mapovu, chupa ya maji mkononi. Kila wiki alikuja hivyo. Anakuja na chupa, yanapimwa, anarudi.

Fundi huyu ni mchomeleaji. Tena si wa kubabaisha! Geti alilochomelea yeye, lori likiligonga, linalopelekwa gereji ni lori. Na mdomo wake ulikuwa mkubwa kuliko kazi yake. Mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba amefika kabla hajafika. Lakini tangu amzike bintiye, miezi mitatu sasa, alikuwa anaongea kama mtu anayeokota maneno sakafuni, moja moja.

Bwana Mapovu yeye anauza samaki wa mapambo. Kajitu kafupi, kanene, vidole vimekunjamana kwa kushinda majini. Duka lake lina matangi ya kioo mpaka kwenye dari, na mapovu yanavyochemka humo ndani, ukitaka kuongea lazima upige kelele.

"Haya, ndugu yangu, wanangu hawajambo?" akauliza.

"Wamenywea."

"Wote?"

"Yale yanayofumba na kufumbua kama viganja yameacha kabisa. Yale ya uyoga yamejikunja kama sikio la bibi kizee."

Matumbawe laini, hayo. Kwa asiyeyajua, yanafanana na maua, lakini ni viumbe hai, hayana mfupa, yanachezacheza majini mchana kutwa. Binti aliyaomba akiwa na miaka kumi na moja. Jina lake la nyumbani Chiriku, maana alikuwa haishiwi maneno, karithi kwa babake. Fundi akamchomelea meza ya chuma ya kuwekea tangi, meza ambayo ungeweza kuegesha basi juu yake. Mtoto akayalea matumbawe yake kama anayelea mapacha. Siku anapelekwa hospitali alishika shati la babake akasema, "Baba, yasife." Fundi akajibu, "Kwangu mimi? Hayafi mpaka dunia ife!"

Sasa yalikuwa yanakufa.

"Umeyagusa na mikono ya grisi?"

"Sijagusa."

"Taa unawasha kutwa kucha?"

"Inajiendesha yenyewe. Mchana nyeupe, saa moja jioni inageuka bluu, saa mbili inazima."

"Na maji yakipungua? Usiniambie umerudia kuongeza ya chumvi. Mwezi ule ulitaka kunipikia supu!"

"Naongeza ya kuchujwa, yasiyo na chumvi. Kama ulivyonifundisha. Kikombe kimoja kikubwa, kila jioni."

Bwana Mapovu akamimina maji kwenye kipimo chake. Akatazama. Akasuuza kipimo, akapima tena. Akaenda kuzima pampu ya tangi la karibu.

Duka likanyamaza kidogo.

"Fundi," akasema, sauti chini. "Hebu sikiliza. Maji yakikauka, chumvi haiendi popote. Inabaki tangini. Ndiyo maana tunaongeza maji matupu, na chumvi inakaa palepale. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Ya kwako chumvi inashuka. Kila wiki inashuka. Ndiyo inayoyaua matumbawe. Maji yako hayakauki, ndugu yangu. Yanaondoka na chumvi yake."

"Tangi linavuja?"

"Lingevuja ungeona ukoko mweupe sakafuni. Umeona?"

"Hapana."

"Basi yanatekwa." Akajaribu kucheka. "Nani nyumbani kwako anakunywa maji ya bahari?"

Fundi hakucheka. Bwana Mapovu naye akaacha.

Chumba cha Chiriku kiko mwisho wa ukumbi. Kitanda, rafu ya madaftari, dirisha moja, na tangi. Fundi alipofika nyumbani alipiga magoti akapitisha kitambaa kila pembe ya kioo, kila mguu wa meza. Kikavu. Kikavu kama unga.

Mkewe alikuwa jikoni.

"Mama Chiriku, unagusa lile tangi?"

"Mimi?" Mkewe hakugeuka. "Mimi niingie chumba kile, miguu inipeleke nani?"

Kweli. Tangu msiba hakukanyaga mle. Alikuwa anapita ukumbini ubavuubavu, uso ukutani.

Fundi akarudi chumbani. Akaanza kupangua rafu, hajui anatafuta nini. Nyuma ya madaftari kulikuwa na kikombe cha mtoto, cha plastiki, mpini umekatika. Akachungulia ndani.

Ukoko mweupe.

Akaweka kidole, akaonja.

Chumvi.

Nywele zikamsimama mwili mzima, mpaka za masikioni. Maana kikombe kile alikuwa na habari nacho. Habari ambayo hakumwambia mtu.

Asubuhi ya mwisho, hospitali, Chiriku alikuwa anasubiri kupasuliwa tumbo. Muuguzi alisema hakuna kula, hakuna kunywa, hata tone. Mama alikuwa ameenda nyumbani kuleta shuka. Mtoto homa inamchemsha, midomo imepasuka, kashika kikombe chake kitupu.

"Baba, maji. Kidogo tu. Nilowanishe ulimi."

"Hapana."

"Baba..."

"Nimesema hapana! Mimi nikipewa kazi ya kulinda, nalinda." Akasema kwa nguvu, muuguzi asikie, wodi nzima isikie kwamba huyu ndiye baba. Akamnyang'anya kikombe.

Mtoto akageukia ukutani. Akachukuliwa hivyohivyo, hajageuka. Hakurudi.

Mkewe alipomuuliza neno la mwisho la mtoto lilikuwa lipi, Fundi alisema, "Alikuulizia wewe."

Hajawahi kuwa na uongo mzito kama ule. Na uongo wa kawaida alikuwa nao wa kujaza ghala.

Basi akakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda. Akangoja.

Saa moja kamili. Taa ikageuka bluu.

Pampu inanguruma taratibu... mmmm... mapovu yanapasuka moja moja. Kukaja harufu. Kwanza dawa ya kusafishia wodi. Halafu kitu kama mwamba wa baharini uliokauka juani.

Kisha mkwaruzo. Kama karatasi inaburutwa sakafuni.

Fundi hakugeuza shingo. Shingo ilikataa.

Kwiiii...

Kifuniko cha kioo kikasogea chenyewe.

Na matumbawe yale, yaliyosinyaa mwezi mzima, yakafumbuka. Yote! Viganja vikafunguka, vikafumba, vikafunguka, vikainama upande mmoja kama mimea inayofuata jua. Upande ule alikuwa amesimama mtu.

Gauni la hospitali. Miguu mitupu, mikavu, imechanika kama udongo wa kiangazi. Mkono mwembamba ukazamisha kikombe taratibu, ili usiyashtue matumbawe.

Kubwi.

Kubwi.

Kubwi.

"Chiriku..." Sauti ya Fundi ilitoka kama ya mtoto.

Akageuka. Macho yalikuwa yaleyale. Midomo ndiyo... midomo ilikuwa imekatika vipande vipande, na katikati ya kila ufa, chumvi.

"Baba. Mbona machungu?"

"Mwanangu, hayo si ya kunywa. Hayo ya matumbawe."

"Najua. Nayaonea huruma. Nakunywa kidogo tu."

"Sasa kwa nini..."

"Haya ni yangu. Mengine hujaniruhusu."

Fundi akasimama, akakimbilia jikoni. Akajaza gilasi. Maji baridi, safi, yamejaa mpaka yanamwagika vidoleni. Akarudi mpaka mlangoni.

Akasimama hapo.

Alimwona mwanawe kwenye ule mwanga wa bluu, kitovu cha moyo wake, miezi mitatu baada ya kumfukia kwa mikono yake mwenyewe. Na moyo ukamnong'oneza. Hakuna mzimu aliyemwambia, hakuna mganga aliyemwambia, ni moyo wake tu. Ukasema: kinachomleta ni kiu. Akinywa, haji tena.

Akaficha gilasi nyuma ya mlango.

"Kesho," akasema. "Njoo kesho, mama. Nitakupa kesho."

Mtoto akamtazama. Saa mbili taa ikazima, chumba kikawa kitupu.

Kesho yake akaja. Fundi akamsimulia habari za karakana, geti jipya, mteja mkorofi. Alichekesha kama zamani, akapiga chumvi mpaka mwenyewe akasahau. Mtoto alisikiliza huku anakunywa. Kubwi, kubwi. Ngozi ya shavu ilikuwa inabanduka.

"Baba... leo?"

"Kesho, mama."

Jioni ya tatu sauti ilikuwa imekauka, akawa anasema kwa kupumua tu. Matumbawe mawili ya uyoga yakaachia jiwe, yakaelea juu kama matambara. Fundi akayaondoa kimya kimya. Ahadi yake ilikuwa inamwozea mkononi, naye hakujali. Akawaza: yafe yote, nitanunua mengine, ilimradi aje.

Jioni ya nne Chiriku hakuweza kunyanyua kikombe. Alishika ukingo wa tangi kwa mikono miwili, akaingiza uso mzima, akanywa kama mnyama. Alipouinua, machozi yalitaka kutoka na hayakuwa na maji ya kutokea. Ikadondoka chumvi. Chembe chembe. Ikagonga sakafu, tik, tik.

"Baba... kidogo tu. Nilowanishe ulimi."

Fundi akaziba masikio.

"Kesho," akalia. "Mwanangu, kesho..."

"Umemnyima maji?"

Mlangoni alikuwa mkewe. Amesimama wima kabisa, hajashika ukuta. Hakupiga kelele, hakuanguka. Alimpita mumewe kama anavyopita kiti, akachukua gilasi iliyokuwa imefichwa nyuma ya mlango, akapiga magoti mbele ya mwanawe.

"Kunywa, mama."

Mtoto akamtazama babake. Mtiifu, mpaka kufa! Bado alikuwa anangoja ruhusa.

Fundi alifungua mdomo. Ule mdomo wote ulioshinda mabishano ya mtaa mzima... haukutoa kitu.

"Usimtazame yeye," mama akasema. "Nitazame mimi. Kunywa."

Akanywa. Na unajua sauti ya ardhi kavu inaponyeshewa? Hiyo ndiyo iliyosikika. Nyufa zikajifunga midomoni moja baada ya nyingine. Shavu likajaa. Alipomaliza akashusha pumzi ndefu, akalaza kichwa kwenye bega la mamake.

Taa ikazima.

Ilipowashwa taa ya ukumbini, mama alikuwa amekumbatia hewa. Gauni lake lilikuwa limelowa begani.

"Alikuja jioni ngapi?" akauliza.

"Nilizomwona mimi, nne."

"Na hospitali... neno la mwisho. Niambie sasa."

Fundi akamwambia. Lote. Na alivyomnyang'anya kikombe, na alivyopaza sauti wodi imsikie.

Mkewe akainuka. Halafu akachukua mto wake chumbani mwao, akaja nao, akaingia chumba cha Chiriku. Akafunga mlango. Komeo likalia.

Tangu hapo maji ya tangi hayapungui ovyo. Fundi alirudisha chumvi kidogo kidogo, wiki nzima, kama Bwana Mapovu alivyomwelekeza, yasije yakashtuka. Na matumbawe yakapona, wewe! Yamenenepa, yamezaa, yamepanda mpaka kioo cha nyuma. Bwana Mapovu amekuja kuyaona, akasema miaka ishirini ya biashara hajakutana na kitu hicho. Akamuuliza Fundi siri yake. Fundi akasema, "Mwulize mke wangu."

Kuhudumia tangi anaruhusiwa, lakini mchana tu. Jioni haruhusiwi.

Jioni, saa moja, mwanga wa bluu unapenya chini ya mlango mpaka kwenye vidole vyake vya miguu. Fundi anasimama ukumbini, anatega sikio. Anasikia pampu. Anasikia mapovu. Na ndani ya mapovu anasikia sauti mbili. Moja ya mkewe. Nyingine nyembamba, ya haraka, haishiwi maneno.

Inacheka.

Siku ya kwanza aligonga. Kicheko kikakatika palepale, kama kimefunikwa na kiganja. Mkewe akafungua. Kitanda, rafu, dirisha, tangi. Hakuna mtu.

"Unaongea na nani?"

"Ni mapovu tu," akasema mkewe, akafunga.

Kwa hiyo ama mkewe amerukwa na akili na anajichekea mwenyewe, ama mtoto anakuja kila jioni ya Mungu, ameshiba maji, hana kiu yoyote, anakuja kwa kupenda tu. Fundi hajui lipi. Hajui pia lipi baya zaidi.

Sasa hagongi. Anapiga magoti, anaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo.

"Chiriku," ananong'ona. "Kunywa, mwanangu. Nimekuruhusu. Kunywa uwezavyo..."

Kule ndani kunakuwa kimya. Kimya cha watu wawili walioshika pumzi.

Anangoja mpaka magoti yanakufa ganzi. Halafu anainuka, anaondoka kwa kunyata, hatua moja, hatua ya pili, ya tatu.

Akifika mwanzo wa ukumbi, kicheko kinaanza tena.