Nyasi za Juu ya Lambo

Mwaka 1954 nilikuwa darasa la nne. Kila nilipotoka shule, mama alinituma mbugani kukata nyasi za kuezekea, kwa kuwa mvua zilikuwa karibu na paa letu lilikuwa limetoboka. Nilikwenda nimenuna. Mbuga ilikuwa mbali, na jua la Maswa halina huruma.

Mlimani, juu kidogo ya lambo la kijiji, tulikochota maji na kunywesha ng'ombe, kulikuwa na ukanda wa nyasi ndefu, nyembamba kama nywele. Ilikuwa marufuku kuzikata. "Makatazo ya wazee tu," nilijisemea kwa hasira. Siku tatu nilikata pale pale, nikapeleka nyumbani mizigo mitatu.

Mvua ya kwanza ilipopiga, maji yaliteremka kutoka mlimani moja kwa moja hadi lamboni. Asubuhi tulikuta tope zito. Ng'ombe walinusa, wakageuka. Watu walifoka, na Mashimba, kiongozi wa vijana wa kijiji, akauliza ni nani aliyeondoa nyasi. Niliogopa, nikasema, "Niliona mbuzi wa Mayu Salu wakila pale."

Mayu Salu, yaani Mama Salu, alikuwa mjane, jirani yetu. Mashimba hakungoja. Alitangaza kuwa tangu siku hiyo mtu asimpe moto, asimwazime jembe, wala asimsalimie. Kwetu adhabu hiyo ilikuwa nzito kuliko viboko.

Mayu Salu hakulia. Alikasirika. Alipanda pale juu, akang'oa shina moja, akampa Mashimba.

"Tazama. Limekatwa sawasawa. Mbuzi wangu wamejifunza lini kushika mundu?"

Mama alilichukua shina lile, akaligeuzageuza, kisha akanitazama. Nilijua anaiwaza ile mizigo mitatu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia hapo.

"Ni mimi," nilisema.

Mama alinivuta sikio mbele ya watu wote, wala sikumlaumu. Mashimba aliomba radhi, lakini Mayu Salu bado alikuwa amefura. Alimwaga kibuyu cha maji ya tope penye udongo mtupu. Yakakimbia na tope lake lote. Akamwaga kingine penye nyasi chache zilizobaki. Maji yakapenya polepole katikati ya majani, yakatokea upande wa pili yameanza kutakata.

"Unyasi mmoja hauzuii maji," alisema. "Huu unayachelewesha kidogo, na ule kidogo, mpaka yanatua udongo yaliobeba."

Msimu ule wote nilipanda nyasi upya. Kila jioni nilimchotea Mayu Salu maji kwenye kisima cha mbali, kabla ya kuchota yetu. Siku nilipomaliza kupanda, nilimwomba msamaha.

"Nimekusamehe, Felisita," alisema. "Lakini kumbuka hili. Nyasi ulizikata kwa sababu zilikuwa karibu. Na mimi ulinisingizia kwa sababu nilikuwa karibu. Mvivu huanza kwa kukwepa safari, mwisho humwumiza jirani yake."