Mgongo wa Kiumbe wa Sekunde Saba

Kila siku baada ya masomo, mjukuu wangu Kifutio hupitia ofisini kwa shangazi yake mchoraji, hupewa chai, kisha hukaa kwenye kona yake na kuchora. Jina hilo nilimpa mimi. Mtoto wa miaka kumi na miwili asiyefuta mstari hata ukienda upogo, utamwitaje?

Ofisi hiyo hutengeneza filamu za katuni. Wakati ule walikuwa na moja ya kuchekesha, kuhusu rubani wa chombo cha anga anayeogopa kupanda juu. Jumatatu moja Mwongozaji, mama mrefu mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, alisimama mbele ya Kifutio.

"Nahitaji viumbe wa sayari ya mbali. Watatokea sekunde saba tu, wakiwa kwenye foleni ya mafuta. Unaweza kunibunia?"

"Naweza!"

"Nichoree mmoja: mbele, ubavuni na mgongoni. Mwisho Ijumaa saa sita mchana."

Jioni ile ile Kifutio alimaliza upande wa mbele. Macho matatu, pua kama mdomo wa birika, meno kama ya kuazima. Akajipongeza, akaweka penseli chini.

Jumatano Mwongozaji akauliza, "Pande zote tayari?"

"Tayari, mama. Nimeziacha nyumbani."

Uongo mtupu. Nyumbani alikuwa ameacha viatu vya mvua tu.

Alhamisi fundi wa sauti, kijana mwenye utani mwingi, alikuja kuutazama mchoro ili ambunie kiumbe mlio wake.

"Kwenye foleni tunawaona kwa nyuma," alisema. "Mgongo uko wapi?" Akaigeuza karatasi. "Loo! Mweupe pe! Huyu ni kiumbe au bango?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Machozi yalimlengalenga Kifutio, lakini hakukimbia. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Mwongozaji.

"Mama, nilikudanganya. Ubavu na mgongo sijachora kabisa."

Mwongozaji alivua miwani ya machoni. "Basi nitapanga mapipa kwenye foleni. Mapipa hayanidanganyi."

"Kesho saa sita haijafika, mama. Naomba nijaribu."

"Ikipita dakika moja, ni mapipa."

Aliporudi nyumbani, Kifutio alinikuta uani nimeinama, nafagia.

"Bibi, usigeuke!"

"Kuna nyoka?"

"Kuna mgongo!"

Akanisimamisha kama niko kwenye foleni: mkono kiunoni, mguu mmoja umechoka, mwingine unaungojea. "Bibi, jikune kidogo." Nikajikuna. Nikamwuliza kama viumbe wa sayari nyingine nao huumwa viuno.

"Kuanzia leo wanaumwa," akasema, bila kuinua kichwa.

Alichora, akafuta. Akachora, akafuta tena. Karatasi ya nne ilitoboka. Chakula cha jioni kilipoiva alikuwa kwenye ya kumi na moja, na jina nililompa sasa lilimkaa sawasawa.

Ijumaa saa tano na nusu, Mwongozaji aliitazama michoro mmoja mmoja. Alipofika mgongoni, mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Huyu amesubiri mafuta miaka mia mbili!"

Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, mwanangu. Kazi ambayo haijaisha si kosa. Kila mtu humu ndani anayo. Ungeniambia Jumatano, shangazi yako angekuelekeza. Uongo wako ulikula siku nzima, ukakuachia jioni moja. Fanya kazi mpaka upande usioupenda. Ukikwama, sema."

"Nimesikia, mama."

Mapipa yakabaki stoo.

Siku ya kuonyesha filamu nilikaa mstari wa mbele. Sekunde saba zilipofika, viumbe watano wakajikuna viuno kwa pamoja, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Wakati wa kutoka, Kifutio akaninong'oneza, "Bibi, watu wanakuangalia mgongo."

Nikaweka mkono kiunoni, nikajikuna taratibu, wala sikugeuka.