Mistari Ambayo Baba Hakuisoma

Kila siku saa kumi na moja jioni, msichana mmoja wa darasa la sita alivuta kigoda hadi mwisho wa meza ya mama yake, akafungua Biblia na daftari, akaanza kunakili. Upande wa pili mama yake, fundi wa nguo, alikuwa akishona. Cherehani ya miguu iliunguruma, ikanyamaza, ikaunguruma tena, na msichana alizoea kuandika kwa mwendo huohuo.

Jina lake la utani lilikuwa Kiberiti. Alipewa na bibi yake alipokuwa na miaka minne, siku aliyomkimbiza jogoo kwa kandambili akidai jogoo huyo amemwangalia vibaya. Tangu hapo mtaa mzima ulimwita hivyo, na mama yake akawa Mama Kiberiti.

Kazi ya kunakili ilitoka kwa mwalimu wao wa shule ya Jumapili, muuguzi mstaafu mwenye miwani mizito na sauti iliyozoea kuamrisha wagonjwa. Mwezi ule alitangaza kwamba watajifunza kuhusu ndoa. Wasichana wakacheka huku wakificha nyuso. Mvulana mmoja akauliza, "Kwani mwalimu, tunaoa lini?"

"Wewe? Hata kufua soksi zako bado hujui," muuguzi akajibu, na darasa likaangua kicheko. Kisha akavua miwani. "Hamjaoa wala kuolewa, lakini ndoa za watu wazima ndizo zinazowalea, na zikivunjika mnaumia nanyi. Kwa siku ishirini na moja mtasoma vifungu nilivyowapangia na kuvinakili kwa mkono. Sharti ni moja tu: hakuna kuruka neno. Ukisoma kwa macho utayapita haraka yale usiyoyapenda. Ukiandika, itabidi ukae na kila neno."

Kiberiti aliipenda kazi ile. Alimsomea mama yake kwa sauti kabla ya kuandika, na mama alikuwa akisimamisha pedali ili asikie vizuri.

Jumanne moja alirudi kutoka shuleni akakuta nyumba kimya. Mama alikuwa ameketi sakafuni mlangoni, akipinda joho la kwaya kwa sindano ya mkono. Mahali pa cherehani palikuwa patupu.

"Mama, mashine iko wapi?"

"Nenda kabadilishe nguo za shule."

"Imeharibika? Imepelekwa kwa fundi?"

"Nimesema kabadilishe nguo." Mama hakuinua macho.

Jibu lilipatikana wakati wa chakula. Baba, fundi seremala mwenye karakana hatua chache kutoka nyumbani, alinawa mikono, akaketi, akaanza kueleza kama mtu anayesimulia habari njema. Mdogo wake alikuwa anaoa mwisho wa mwezi. Kwenye kikao cha harusi kaka zake wote walikuwa wakitoa ahadi, mmoja hiki, mwingine kile. Zamu yake ilipofika alisimama akasema bibi harusi atapata cherehani. Watu walimpigia makofi. Mchana ule alikuwa ameipeleka.

"Cherehani yangu," mama akasema.

"Cherehani ya nyumba hii."

"Niliinunua kwa kazi ya mikono yangu kabla hujanijua. Na majoho ya kwaya je? Ishirini na mawili, yanatakiwa Jumamosi ya wiki ijayo."

"Si utaazima kwa jirani?"

"Hukuniuliza."

Baba akaweka kijiko chini. "Nikuulize? Mimi ndiye kichwa cha nyumba. Hata Biblia inasema mke amtii mumewe. Si mnaisoma hapa kila siku?"

Kiberiti alihisi masikio yakiwaka. Alifungua mdomo, lakini mama akamkanyaga mguu chini ya meza, naye akayameza maneno yake.

Kesho yake kifungu kilichopangwa kilikuwa katika barua kwa Waefeso, sura ya tano. Kiberiti aliketi peke yake kwenye meza ile tupu. Mama alikuwa amekwenda kwa jirani, ambaye alimruhusu kutumia mashine yake kwa saa moja tu. Msichana alisoma mistari ya mwanzo, akaganda. Maneno ya baba yalikuwa pale pale kwenye ukurasa. Wake wawatii waume zao.

Alitaka kuitupa kalamu. Kwa hiyo baba ana haki! Aligeuza uso akaangalia pale palipokuwa na cherehani. Lakini sharti lilikuwa sharti. Akaandika, akibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Akaandika mstari uliofuata, na mwingine. Kisha mkono ukaenda polepole.

Sasa barua ilikuwa inazungumza na waume. Mume ampende mke wake kama Kristo alivyolipenda kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Ampende kama mwili wake mwenyewe, aulishe na kuutunza. Kiberiti aliendelea kunakili akisubiri sehemu ya waume iishe, lakini haikuisha. Alipomaliza alihesabu kwenye daftari lake. Wake waliambiwa kwa mistari michache. Waume walijaza karibu ukurasa mzima.

"Hakusoma!" akasema kwa sauti chumbani peke yake. "Au alisoma akaruka!"

Usiku ule hakuwaambia wazazi wake kitu. Asubuhi ya Alhamisi, kabla ya kwenda shule, alipita karakanani wakati baba akinywa chai nyumbani. Alichukua kipande cha plaiwudi na penseli bapa ya useremala, akaandika kwa herufi kubwa: MUME AMPENDE MKE WAKE KAMA MWILI WAKE MWENYEWE. Alitazama maandishi yake. Yalikuwa sawa, lakini hasira yake haikutosheka, akaongeza chini yake: CHEREHANI YA MAMA IKO WAPI? Akakipigilia mlangoni kwa misumari miwili, akaenda shule akiwa mwepesi kama aliyetua gunia.

Wepesi ule ulimwisha saa tisa alasiri. Baba alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba, kibao mkononi, vumbi la mbao likiwa bado kichwani.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Unajua nani amekisoma? Mafundi wenzangu wote. Mteja wa kabati. Mchungaji mwenyewe amepita akasimama, akasoma, akakohoa, akaenda zake! Tangu asubuhi kila anayeingia ananiuliza cherehani iko wapi. Umenivua nguo mbele ya watu!"

"Na wewe umempokonya mama mashine mbele ya watu!" Kiberiti akapaza sauti. "Nao wakakupigia makofi!"

"Funga mdomo wako!" Mama ndiye aliyesema. Alitoka ndani, futi ya kitambaa ikining'inia shingoni, na Kiberiti hakuwahi kumwona na uso ule. "Nani alikutuma? Nilikuomba unipiganie? Huyu ni baba yako. Ukiwa na neno naye unamwambia humu ndani, humbandiki mlangoni kama tangazo la mnada."

Kiberiti alishtuka. Machozi yalimtoka kwa uchungu, kwani alidhani atasifiwa. Baba naye akaanza kutikisa kichwa kukubali.

"Na wewe usitikise kichwa," mama akamgeukia. "Mtoto amekosa adabu, lakini hajasema uongo. Nimekasirika. Nimekasirika tangu Jumanne, na umekula chakula changu siku zote hizi bila hata kuniuliza kwa nini nimenyamaza. Ile mashine ilisomesha huyu mtoto ulipoumia mkono ukakaa miezi minne bila kazi. Uliigawa kama kiti kibovu. Halafu ukachukua neno la Mungu ukanifunga nalo mdomo."

Baba alipandwa na mori zaidi. Alimshika binti yake mkono. "Twende kwa huyo mwalimu wenu. Nataka anieleze anawafundisha nini."

Walimkuta muuguzi barazani kwake akimwagilia maua yaliyopandwa kwenye makopo. Baba alimweleza yote kwa mkupuo mmoja, na kibao akakiegemeza ukutani kama ushahidi. Muuguzi alisikiliza hadi mwisho, akaomba daftari la Kiberiti lililokuwa mkobani. Alilipitia ukurasa kwa ukurasa.

"Amenakili vizuri," akasema. "Fundi, tafadhali nisomee hapa. Anza mstari mmoja kabla ya ule uliomwambia mkeo."

Baba alisitasita, akasogeza daftari mbali kidogo na macho. Mstari ule wa kwanza ulisema kila mmoja amnyenyekee mwenzake. Aliusoma mara mbili. Akaendelea kwa wake, sauti ikiwa imara. Akaingia kwa waume, sauti ikaanza kushuka. Alipofika mahali panaposema mtu atamwacha baba yake na mama yake aambatane na mkewe, aliweka kidole kwenye mstari ule.

"Na kaka zake pia, nadhani," akasema taratibu.

"Nadhani," muuguzi akajibu. "Fundi, nilifanya kazi hospitali miaka thelathini na moja. Kila mgonjwa alikuja na cheti chake cha dawa. Hakuna aliyepona kwa kusoma cha mwenzake. Wewe ulisoma kilichoandikiwa mkeo, ukamlazimisha ameze. Chako ulikiacha mezani."

Kiberiti alitabasamu kidogo. Muuguzi alimwona.

"Na wewe unachekelea nini? Ulisoma cha baba yako, ukakipigilia mlangoni. Chukua Biblia yangu hiyo mezani, soma mwanzo wa sura inayofuata."

Kiberiti akaifungua. Kifungu kile hakikuwa katika kazi ya wiki ile. Kiliwaambia watoto wawatii na kuwaheshimu wazazi wao. Tabasamu likayeyuka.

"Kwa hiyo ninyamaze tu?" akauliza, hasira ikirudi. "Hata kama mama anaonewa?"

"Sikusema unyamaze. Ungemwambia baba yako, 'Baba, nimeona jambo hapa, tusome wote.' Angekataa, ungekuja kwangu, au kwa bibi yako. Kumheshimu mtu hakukuzuii kumwambia ukweli. Kunakuzuia kumwaibisha."

Walirudi nyumbani. Ijumaa asubuhi baba hakufungua karakana. Alikwenda kwa mchumba wa mdogo wake, na akamtaka Kiberiti afuatane naye, kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa kwa mkutano wa walimu. Alipiga hodi mara tatu, kila mara akijifuta jasho.

"Shemeji," akamwambia binti yule, "nimekuja na aibu yangu. Cherehani niliyokuletea si yangu. Ni ya mke wangu, na sikumwomba. Naomba unirudishie. Nitakutengenezea kitanda kwa mikono yangu mwenyewe kabla ya harusi."

Mchumba alishika kiuno. "Ya dada? Mimi niliambiwa ilikuwa imekaa tu stoo! Ina maana nimepewa riziki ya mtu?" Akageuka kuelekea ndani, alikokuwa mdogo wake baba. "Njoo hapa wewe! Ulijua?" Kijana akachungulia mlangoni, akainamisha kichwa; ilionekana alijua. Binti yule alishika upande mmoja wa cherehani kwa mikono yake, akasaidia kuitoa hadi kwenye mkokoteni aliokuja nao baba. "Mwambie dada nitakuja kumwomba radhi. Na wewe," akamwambia mchumba wake, "tutaongea."

Nyumbani, baba aliiweka mashine mahali pake. Mama aliizunguka, akakagua mkanda na sindano, akaketi. Hakutabasamu.

"Asante kwa kuirudisha," akasema. "Lakini bado hujaniambia kitu."

Baba alisimama katikati ya chumba kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. "Nilikosa. Nilitaka kaka zangu wanione mkubwa. Nilikunyang'anya kilicho chako, kisha nikatumia Maandiko kujificha. Nisamehe."

"Nitakusamehe," mama akajibu. "Hasira haijaisha, nisikudanganye. Lakini nimekusikia. Sasa kata nyuzi, kuna majoho kumi na manne hayajashonwa."

Baba akachukua mkasi, akaketi.

Jumamosi ilikuwa zamu ya Kiberiti. Alisimama karakanani mbele ya mafundi walewale waliokisoma kibao, akasema, "Baba, nilikuaibisha mbele ya watu. Naomba msamaha mbele yao." Fundi mmoja akaanza kucheka, lakini baba alimkata jicho.

"Nimekusamehe," baba akasema. "Na ninyi sikieni. Alichoandika ni kweli tupu. Mlango ndio haukuwa mahali pake."

Jioni ile Kiberiti alimsaidia mama kupiga pasi majoho. Alikuwa na swali lililomsumbua siku nzima.

"Mama, ilikuwa vibaya mimi kukasirika?"

Mama aliweka pasi kando, akamtazama. "Hapana, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosea kujifanya sijakasirika. Nilidhani kunyamaza ndio utii, kumbe nilikuwa namwacha baba yako aendelee kukosea. Watu waliooana hukosana. Kinachowaweka pamoja ni kuambiana ukweli mapema, kwa heshima, na kila mmoja kukubali kosa lake bila kungoja mwenzake aanze. Siku moja ukiolewa, mchague mtu unayeweza kukaa naye meza moja mkasoma ukurasa mzima, wake na wako. Na usipoolewa, fanya hivyohivyo na kila mtu unayeishi naye."

Kiberiti akaitikia kwa kichwa. Akachukua joho lingine kutoka kwenye rundo, akalitandaza mezani, wakaendelea na kazi.